Mama Kamba na Buti Lisilokataa Mzigo

Kabla hajaitwa Mama Kamba, kwenye kijiwe cha teksi walimwita Shemeji tu. Gari alilokuwa akiendesha walilijua kuwa la mumewe, na mumewe walimhesabu kama ndugu yao. Mimi ni jirani yao wa ukuta mmoja. Nashona sare za shule, na dirisha langu linatazama pale wanapoegesha gari, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe, ameegemea mlango wangu na kikombe cha chai mkononi, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Mumewe alikuwa dereva wa teksi tangu ujana. Wenzake walimpa jina la Taratibu, maana hata abiria akiwa amechelewa namna gani, alimwendesha kama vile amepakia mayai. Gari lenyewe ni dogo, la milango minne, rangi ya maziwa, limepauka kidogo juu ya boneti. Siku moja alimsaidia mteja kuteremsha jiko la gesi ngazini. Mguu ukateleza, akaenda chini, na jiko likamfuata. Alilala hospitali wiki nyingi. Aliporudi alikuwa anatembea kwa mkongojo, na daktari alikuwa amemkataza kunyanyua chochote kinachozidi birika la chai. Kukaa nyuma ya usukani alijaribu mara moja. Alifika kwenye kona ya mtaa, mgongo ukawaka moto, ikabidi vijana wa karakana wamrudishe.

Tangu siku ile hakugusa tena ufunguo. Gari likafunikwa turubai, na nyumbani mle halikutajwa tena. Mtu aliyekuwa akipiga soga na kila abiria sasa akawa anajibu kwa kichwa. Kiti chake akakihamishia dirisha la nyuma, lile linalotazama ukuta.

Mkewe wakati huo alikuwa mfanyakazi wa chumba cha kufulia hospitalini. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka, kuyapiga pasi na kuyakunja. Kisha hospitali ikaleta mashine mpya, watu wakapunguzwa, naye akawa mmoja wao. Alikaa nyumbani muda, wawili hao wakatazamana mpaka wakachoka. Leseni alikuwa nayo. Taratibu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha walipokuwa wachanga wa ndoa, kwenye uwanja wa mpira, jioni wachezaji wakishaondoka.

Asubuhi moja nikasikia turubai linavutwa. Nikachungulia. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, anafuta vioo.

"Unakwenda wapi na gari?" mumewe akauliza kutoka ndani.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Hiyo hiyo uliyokuwa ukiifanya wewe, mwenzangu."

Akawasha gari, likakohoa, likazimika, akaliwasha tena.

Kijiweni hawakuwa watu wabaya. Kiongozi wao, mtu mzima wanayemwita Katibu, alimkaribisha vizuri na kumwonyesha mahali pa kusimama. Lakini abiria wakija, macho yao yalimpita. Wengine walidhani anamsubiri mtu. Wengine waliingia, wakauliza dereva yuko wapi, wakiambiwa ndiye huyu, wanakumbuka jambo walilosahau dukani. Alirudi nyumbani jioni na tanki lile lile aliloondoka nalo.

Ng'ambo ya kijiwe kulikuwa na karakana za useremala, mlango kwa mlango, na maduka ya samani zilizotumika. Kila siku watu walitoka mle na kabati, meza au rafu, wakavuka barabara kutafuta usafiri, na madereva wote walikuwa na jibu moja: gari yangu si lori, nenda katafute pikapu. Pikapu nazo zilikuwa za kusubiri mpaka ukome. Shemeji akawa anawatazama wale watu, wamesimama juani wakiwa wamekumbatia samani zao, na wazo likamwingia. Alipokuja mama mmoja mwenye mgahawa mdogo, na meza ya duara aliyotoka kuinunua, akamwambia, "Mimi naibeba."

Waliiingiza kwenye buti, ikaingia nusu. Nusu nyingine, pamoja na miguu, ikabaki nje. Akachukua mipira iliyokatwa kutoka tyubu za baiskeli, akaivuta, akaifunga huku na huku, akaona imekaza. Mwenye meza akakaa mbele. Walipofika kwenye mzunguko, wakati gari linakata kona, mpira mmoja ulikatika, wa pili ukafyatuka, na meza ikashuka barabarani kwa mgongo. Magari yakapiga honi, lori likakwepa. Mungu bariki hakuumia mtu, ila mguu mmoja wa meza ulivunjika.

Mwenye meza hakupiga kelele. Aliutazama ule mguu, akamtazama Shemeji, akasema, "Ungeniambia tu kwamba huwezi, mwenzangu, ningekuelewa."

Maneno hayo, aliniambia baadaye, yalimuuma kuliko kama angetukanwa. Akaomba apewe siku chache, meza itarudi na mguu wake. Akaipakia upya kwa msaada wa wapita njia, akarudi nayo nyumbani mwendo wa konokono.

Aliiingiza sebuleni, akaikalisha palepale mbele ya mumewe, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Taratibu akaigeukia.

"Hii imetoka wapi?"

"Barabarani."

"Ilikuwa inafanya nini barabarani?"

"Ilianguka. Kwenye buti."

Mkewe akaenda jikoni, akafungulia maji, ili asisikie kama kuna neno linakuja. Lakini neno lilikuja, na lilikuwa swali.

"Ulifunga kwa kitu gani?"

"Kwa mipira. Kama watu wanavyofunga."

"Mpira ni wa kushikia kofia, mwenzangu. Mpira unavutika. Ukivutika unaupa mzigo nafasi ya kucheza, na mzigo ukishaanza kucheza, umeshakushinda." Akanyoosha mkono. "Kuna kamba chini ya kitanda. Ilete."

Aliileta akiwa amenuna, maana alitarajia pole na badala yake anapewa somo. Taratibu akamwambia aizungushe kwenye mguu wa kitanda. Akamwonyesha jinsi ya kutengeneza kitanzi katikati ya kamba, kupitisha ncha nyuma ya ule mguu wa kitanda, kuirudisha ndani ya kile kitanzi, kisha kuivuta kwenda chini kwa uzito wa mwili mzima. Kamba ikilia, ndipo imekaza. Mkewe akajaribu.

"Hapo umefunga kiatu," mumewe akasema.

"Basi funga wewe."

"Mimi nimekatazwa kuvuta. Fungua, anza tena."

Nilisikia kitanda kikiburutwa jioni ile yote, nikajiuliza kuna nini kwa majirani. Kesho yake nikaona. Taratibu alikuwa amekalia kigoda uani, mkongojo mkononi kama fimbo ya mwalimu, mkewe yuko nyuma ya gari na ile meza iliyovunjika. Niliacha cherehani yangu nikaenda kuangalia, na sikuwa peke yangu.

"Blanketi kwanza," Taratibu alisema. "Mdomo wa buti una chuma kikali, utakula mbao na mbao itakula rangi. Sasa upande mzito ndio uingie mbele, usukume mpaka uguse mgongo wa kiti. Ukiuacha uzito mkiani, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Utakata kona na gari halitakusikia."

Mkewe akasukuma. Akapitisha kamba mbili zikapishana, akazifunga kwenye vile vitanzi vya chuma vilivyo chini ya bampa, ambavyo miaka yote aliyoliona gari lile hakujua vipo. Mlango wa buti nao akauvuta chini kwa kamba ya peke yake, usije ukawa unapiga makofi njiani. Kitambaa chekundu akakifunga kwenye kile kilichotokeza.

"Namba ya gari inasomeka?"

"Inasomeka."

"Taa zinaonekana?"

"Zinaonekana."

"Ukiwa barabarani fungua madirisha ya mbele, hata kama kuna vumbi. Buti likiwa wazi, moshi wa ekzosi unaingia ndani, utalala usingizi usioutaka. Haya, itikise."

Akaitikisa meza.

"Meza imetikisika na gari, au imetikisika peke yake?"

"Peke yake, kidogo."

"Fungua."

Jirani mmoja akacheka. Mama wa watu akamgeukia uso mkavu, akafungua, akaanza upya. Alifanya hivyo mpaka jua likawa kali, na mwisho alipoitikisa, gari zima liliyumba pamoja na meza kama kitu kimoja. Taratibu hakusifu. Alipiga mkongojo chini mara moja, basi. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa amekaa juani tangu asubuhi, na hakuwa ametaja mgongo.

Mguu wa meza aliutengeneza yeye. Gundi na mbao vilitoka kwa maseremala, akaketi palepale uani akiusugua kwa msasa. Mchana wa pili nikasikia mluzi. Nilizima cherehani kuhakikisha. Ulikuwa wake.

Meza ilirudi kwa mwenyewe. Yule mama wa mgahawa aliiegemea kwa mikono yote miwili, akaibana huku, akaibana kule, kisha akasema kuna viti vyake bado viko karakana, kama Shemeji anaweza kwenda kuvichukua. Alivichukua vyote, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na hakuna kilichopata hata mkwaruzo.

Kuanzia hapo maseremala wakawa wanamwita wenyewe. Mmoja wao, mtani sana, ndiye aliyeanzisha jina la Mama Kamba, na halikutoka tena. Alibeba milango, vitanda vya watoto, kabati za vyombo, friji iliyosimamishwa ikafungwa kiunoni kama mgonjwa anayesindikizwa. Jioni alimsimulia mumewe kila mzigo, naye akauliza ulikaaje, kona uliingia vipi, kamba ipi ililegea kwanza. Walikuwa wakibishana kwa sauti mpaka mimi upande wa pili wa ukuta nikawa na maoni yangu.

Halafu likaja suala la kiti cha kinyozi.

Alikuja binti mmoja, kinyozi, aliyekuwa anaacha kazi kwa tajiri yake ili afungue chumba chake mwenyewe mtaa mwingine. Alikuwa amenunua kiti kutoka kwa kinyozi mzee anayestaafu: kiti cha zamani hasa, ngozi nyekundu, chuma kitupu, kile cha kupandisha kwa kukanyaga pedali. Pikapu aliyoahidiwa ilikuwa imeingia mitini, na kesho yake alikuwa anafungua. Madereva wawili walikitazama kiti wakaondoka bila hata kuaga.

Mama Kamba alikizunguka. Chini kilikuwa na sahani nzito ya chuma, pana kama sinia kubwa. Alijaribu kukitenganisha, lakini boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Akampigia mumewe simu, akaanza kueleza, akakwama.

"Siwezi kukieleza kwenye simu," akasema. "Njoo ukione."

"Nitakujaje?"

"Nakuja kukuchukua."

Alimkuta mlangoni, shati limepigwa pasi. Nilimsaidia kuweka mto kwenye kiti cha mbele, tukakilaza nyuma kidogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya gari lile tangu siku ile aliporudishwa kutoka kwenye kona. Alishika mkanda, akaufunga, akagusa dashibodi kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Walipopita kijiweni, Katibu alivua kofia akaenda mpaka dirishani.

"Taratibu, kumbe upo."

"Nipo. Nimekuwa abiria."

"Basi ulipe nauli," Katibu akasema, na wote wakacheka, na Taratibu akacheka kuliko wao.

Kwenye duka la kinyozi mzee, mtu wa kwanza kuinama kushika kiti alikuwa Taratibu mwenyewe. Mazoea hayapigi hodi.

"Mikono," mkewe akasema.

Akasimama wima, akaubana mkongojo kwapani, akaitia mikono mifukoni. Hakuipenda hali ile, ilionekana, lakini akaitia. Wale maseremala wawili waliokuja kusaidia wakajifanya hawakusikia.

"Mgongo wa kiti uingie kwanza," Taratibu akasema baada ya kukitazama. "Sahani ibaki nje, ifungwe."

"Sahani ndiyo nzito. Wewe mwenyewe ulisema uzito usikae mkiani."

"Mdomo wa buti ni mwembamba. Sahani haipiti."

"Haipiti ikilala. Lakini ikisimama kwa ubavu? Kama unavyotia sahani kwenye kichanja cha vyombo."

Taratibu akafikiri. Akapima kwa mkongojo wake upana wa buti, kisha upana wa ile sahani. "Jaribuni," akasema.

Wakalaza mgongo wa kiti cha nyuma cha gari, wakazungushia nailoni pale mafuta ya pampu ya kupandishia kiti yanapoweza kuvuja, wakakiinamisha kiti ubavu. Sahani ikapita, ikisugua blanketi pande zote mbili, ikaingia mpaka ndani. Kilichobaki nje kilikuwa sehemu ya kuegemea tu. Lakini kiti kile kilikuwa na mikono, pedali na mapindo, na kila mahali palikuwa na pengo. Kukisukuma tu, kilijigeuza.

Hapo Mama Kamba akatoa kutoka mbele mafurushi ya mashuka ya zamani na blanketi chakavu. Akaanza kuyaviringisha, moja baada ya jingine, yakawa magumu kama magogo, na kuyashindilia kwenye yale mapengo kwa goti. Moja chini ya mkono wa kiti, jingine nyuma ya pedali, jingine kati ya sahani na ukuta wa buti. Kisha akafunga kamba zake.

Mumewe alikuwa anatazama mikono ya mkewe.

"Hiyo ya mashuka umejifunzia wapi?"

"Kazini kwangu. Ulidhani miaka yote ile nilikuwa nakunja tu?"

"Nilidhani hivyo," akasema kweli.

Akanyoosha mkono mmoja, akashika mgongo wa kiti, akautikisa taratibu. Gari likatikisika nao.

"Twende," akasema.

Yule binti kinyozi akabanwa nyuma kwenye nafasi iliyobaki. Madirisha yalikuwa wazi. Mama Kamba aliendesha akiacha nafasi kubwa mbele yake, akianza kukanyaga breki mapema. Hawajafika mbali akaegesha pembeni bila kuambiwa, akashuka, akazunguka nyuma. Kamba moja ilikuwa imelegea kwa mtikisiko. Akaikaza, akarudi. Mumewe alikuwa ndio kwanza anataka kumkumbusha.

Njiani askari wa barabarani aliwasimamisha. Alizunguka gari zima, akavuta kamba, akasoma namba, akatazama kile kiti chekundu kinachochungulia.

"Siku hizi mnanyoa huku mnatembea?" akauliza.

"Bado hatujafungua, afande," binti akajibu kutoka nyuma. "Kesho karibu."

Askari akapapasa nywele zake, akawapungia mkono wapite.

Chumba cha kinyozi kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi upya, kioo kimoja ukutani na harufu ya rangi bado imo. Kiti kilishushwa, kikasimamishwa mbele ya kioo, kikapanguswa. Binti akakanyaga pedali, kikapanda, akaivuta, kikashuka. Hakikutoa hata tone la mafuta. Alisimama akikitazama, mikono mashavuni, kisha akamgeukia Taratibu, ambaye nywele zake zilikuwa zimefika shingoni.

"Baba, kaa nikunyoe. Uwe wa kwanza."

Akasita. Mkewe alijua kwa nini. Tangu ajeruhiwe hakuwa amekwenda kwa kinyozi yeyote. Kukaa kwenye kiti aliweza, ila kuinuka kulikuwa vita, na hakutaka watu wamshike makwapa mbele ya wateja. Lakini binti alikuwa ameshatandika taulo. Akakaa polepole. Kiti kikampokea mgongo wote, kuanzia kiunoni mpaka kichwani, na mkewe akaona mabega yake yanashuka, kitu ambacho hakuwa amekiona kwa muda mrefu.

Alinyolewa, akachongwa ndevu, wakapiga soga. Aliuliza habari za mtaa, za tajiri wa zamani, za bei ya mashine. Alipomaliza, binti akakanyaga pedali tena na tena, kiti kikampandisha mpaka nyayo zake zikawa karibu zimesimama zenyewe. Akashuka kama mtu anayeshuka kwenye ngazi moja fupi. Hakuna aliyemshika.

Akasimama mbele ya kioo, akajigusa kidevu.

"Kumbe urefu tu," akamwambia mkewe. "Kinachoniua ni vile viti vyetu vya chini."

Wiki ile ile akawaagiza maseremala wampandishie kiti chake cha nyumbani miguu. Kilipokuja, hakukirudisha kwenye dirisha la nyuma. Alikiweka mbele, na baadaye kikahamia kabisa karakana kwa maseremala, kwenye kivuli cha kibanda chao. Anapelekwa asubuhi na mkewe, anakaa pale mpaka mchana. Mteja akinunua samani, yeye anachukua kipimo, anaamua inakwenda nzima au inafunguliwa, anasema iingie upande gani. Kijiweni wale waliokuwa wakisema gari yangu si lori sasa wanakuja kuuliza fundo linafungwaje, na Katibu amejaza kamba kwenye buti lake. Daktari naye amesema, akiendelea na mazoezi, anaweza kujaribu tena usukani kwa safari fupi. Taratibu amesema hana haraka, jambo ambalo kwake si habari.

Juzi nilikuwa mlangoni kwao walipopigiwa simu. Mtu anataka kuhamisha kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni.

"Hilo halipiti," Taratibu akasema kabla simu haijakatwa. "Kioo ndani ya buti? Kataa."

"Mlango unatoka kwenye bawaba," Mama Kamba akasema, akitafuta ufunguo. "Kioo kitasimama nyuma ya viti vya mbele, katikati ya magodoro mawili."

"Magodoro yako wapi?"

"Kitandani kwetu kuna moja. La pili," akanigeukia, "jirani atatuazima."

Sikuulizwa, ila nilikwenda kulitoa.